Kikaratasi Chini ya Jiwe la Shaba

Kwa kaka yangu,

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Sisi wazima, ila paa la jiko linavuja na paka amezalia ndani ya kabati lako. Baba macho yamefifia, lakini mawe yake ya madini bado anayatambua kwa kuyapapasa. Shule ya jirani imeyaomba, kwa hiyo leo nilikuwa nayafuta vumbi.

Unakumbuka desturi yake. Kila jiwe lina kikaratasi chini, alichokiandika palepale machimboni kabla hajalitia mfukoni. "Jiwe lisilo na tarehe ni kokoto," alikuwa akisema.

Kaka, chini ya jiwe moja la shaba, lile la kijani, nimekuta mwandiko wake na tarehe ya siku ile shimo lilipomfukia mdogo wetu. "Limeonwa na kitindamimba wangu, saa nne asubuhi."

Ni baba huyohuyo aliyeapa mbele ya waombolezaji kwamba alishinda karakanani siku hiyo, na kwamba wewe ndiye uliyempeleka mtoto shimoni. Miaka kumi na moja umebeba mzigo usio wako, na hata mimi nilikunyima salamu.

Sasa hivi ananiita kutoka sebuleni, anauliza kama nimemaliza. Nimemjibu kwamba nimebakiza jiwe moja. Nitampa alipapase, halafu nitamsomea kikaratasi chake.

Nisamehe, kisha urudi nyumbani.

Mdogo wako wa kike