Hukumu Isiyogongwa Nyundo

Mpendwa mshauri, kuna mlio mmoja haunitoki kichwani tangu mwaka jana: ko, ko, ko, nyundo ya mbao ya jaji ikigongwa mezani, niliousikia kwenye kibanda cha video pale Makanyagio, tulikotazama mikanda ya kesi za Wazungu wiki nzima, na mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha sita, ndiye niliyewatafsiria wenzangu, na katika mikanda yote hiyo hakuna kesi iliyokwisha kabla nyundo haijalia.

Sasa baba yangu mdogo, Gelasius, aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, ameshitakiwa hapa Kasansa na jirani yetu Telesphor kwa ajili ya majaruba mawili ya mpunga yaliyo mpakani, na hakimu wa mahakama ya mwanzo akasoma kwamba baba mdogo ameshindwa, asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini, kisha akafunga faili akaomba maji ya kunywa. Hakugonga chochote. Nikamnong'oneza baba mdogo kwamba hukumu hiyo bado haijakamilika, tena kwa uhakika ambao leo unanitisha.

Aliniamini kabisa. Telesphor alipokuja na jembe lake, baba mdogo hakuinua hata kichwa, akaendelea kupandikiza miche, akamwambia, "Nenda katafute nyundo kwanza, jirani. Huyu binti yangu amesoma." Habari zikaenea, sasa wanakuja watu nisiowajua kuniuliza kama talaka zao ziligongwa. Juzi nilimwendea karani wa mahakama nikamuuliza nyundo inatunzwa wapi, akanijibu kwamba anayo Lyamba, fundi wa milango.

Leo ni siku ya kumi na tatu. Nikisema kweli, baba mdogo ataaibika mbele ya Kasansa nzima. Nikinyamaza, majaruba yanakwenda. Nifanye nini?

Fausta, Kasansa

MSHAURI ANAJIBU

Fausta, pole, ingawa pole kubwa nampa baba yako mdogo. Umetazama mahakama ya nchi nyingine kwenye mkanda, ukaileta Kasansa bila kumuuliza mtu. Hakimu wenu hagongi. Anakaa na wazee wa baraza, anasoma, anasaini, imekwisha. Na zile siku thelathini ulizisikia kwa masikio yako, kwa Kiswahili, wala hazikuhitaji kutafsiriwa.

Halafu jiulize, unaogopa aibu yake au yako? Mwambie leo hii. Atoke kwenye majaruba hayo, achukue nakala ya hukumu, mkakate rufaa wilayani. Andikeni habari za mpaka tu, neno nyundo lisionekane popote. Na wale wenye talaka waambie wameachika.

FAUSTA AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, gazeti lako lilinifikia siku ya thelathini na tano. Nilikuwa nimeshamwambia siku ya ishirini, shambani, miguu yetu ikiwa kwenye tope. Alimaliza mstari mzima wa miche, ndipo akanawa mikono akasema, "Basi twende Mpanda."

Kule karani wa mahakama ya wilaya aliipokea rufaa yetu, akainua muhuri, akaushindilia kwenye karatasi: ko.

Baba mdogo akanigeukia, uso umemchangamka. "Unaona? Hawa wanayo."

Hapo niliamua kunyamaza, na nimenyamaza mpaka leo.