Kilichokuwa Kikitetemesha Fleti Zetu

Satellite, Riruta,
Nairobi.
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Lenox,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Joto la Doha linakutendeaje? Na ule mgongo, umepoa? Sisi tu wazima, ila baridi ya Juni imetuingia mifupani.

Kaka, wewe ni mtu wa mijengo, hebu nieleze: sauti hupitaje kwenye saruji? Ukuta wetu ulikuwa ukinguruma. Nikiuwekea kiganja, nausikia ukitetemeka. Mama Gaurav, jirani wa chini yangu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, akawa hapati usingizi kabisa. Lawama zake zote zikamwangukia Oloo, fundi wa nguo wa mlango wa pili, kwa sababu ya cherehani yake ya umeme. Mwenye nyumba akampa notisi ya kuhama. Naye hushona sare za shule mlemle ndani. Akihama, wateja wamepotea.

Jumamosi moja jioni ngurumo ikaanza tena. Nikabisha kwa Oloo.

"Si mimi," akasema. "Hata tokeni za stima zimeisha."

Kweli, kwake kulikuwa giza. Nikaweka sufuria ya maji sakafuni, maji yakacheza! Hapo udadisi ukanishika. Nikashuka ngazi nikibandika sikio ukutani kila orofa, sauti ikizidi, hadi kwenye kijumba cha pampu ya maji. Pampu imefungwa bolti moja kwa moja sakafuni, na bomba lake la chuma limeshikizwa ukutani hadi juu.

Nikawaita mwenye nyumba na Mama Gaurav. Pampu ikazimwa, kimya. Ikawashwa, ngurumo.

"Kumbe ni mashine yangu mwenyewe," mwenye nyumba akasema.

Fundi wa mabomba akaikalisha juu ya mipira mizito ya kumeza mtetemo na kuunganisha bomba kwa kipande cha mpira. Ngurumo ikakoma, notisi ikafutwa.

Huko kwenu, sheria inalazimisha mipira hiyo kabla watu hawajahamia? Na kuta za kati ya majirani hujazwa nini? Niandikie, wapangaji tunataka kujua la kudai.

Juzi Mama Gaurav alipanda ngazi polepole, kitambaa mkononi, akabisha kwa Oloo.

"Nilikukosea, Oloo. Utanishonea ama umekataa?"

Oloo alimvutia kiti, akatafuta futi yake ya kupimia.

Wasalimie wifi Ivyne na mwanenu Jackton. Mama na Shangazi Valarie wanakutaja kila tukikaa mezani. Mungu akushike mkono huko juu ya majengo na akurudishe kwetu mzima.

Dada yako akupendaye sana,
Nanyama