Simu Iliyoita Kwenye Meza ya Mababu

Pei-chun, uko wapi?

Unamkumbuka Bibi Siok-hun wa utafiti wetu wa presha? Yule tuliyekuwa tunamsifu, simu tuliyompa kila ikimkumbusha dawa kwa sauti ya bintiye iliyorekodiwa, anabonyeza "nimemeza", hakosi?

Leo nimempelekea zawadi. Mumewe, Mzee Lim, kanifungulia. Bibi yuko kwenye picha, juu ya meza ya mababu, pale wanapowekea marehemu sadaka, ubani unafuka. Alikufa kabla ya Mwaka Mpya!

Na simu yetu iko palepale, kando ya machungwa.

Ikaita mbele yangu. "Mama, umeshameza dawa?" Mzee kainuka anayumba, kachukua kidonge tulichomtumia marehemu, KAKIMEZA YEYE, kisha kabonyeza.

"Babu, unafanya nini?!"

"Mtoto anauliza, binti. Nimdanganye?"

Kakimeza yeye, Pei-chun! Nimempima, presha iko chini mno, sijui alikuwa anasimamaje. Na sisi huku tunashangilia takwimu.

Nimeita gari la wagonjwa. Nikaizima ile sauti hapohapo.

Mzee akaniuliza taratibu, "Sasa nani ataita 'Mama' humu ndani?"