Kuutetea Ukimya

Jumatatu, 3 Juni

Barua pepe ya idara imefika. Nitatetea tasnifu yangu Jumanne ya wiki ijayo: robo saa ya kuwasilisha, kisha maswali. Robo saa! Miaka yangu yote ya ualimu, robo saa ilikwisha nikiwa bado nafuta ubao na kukumbushia somo la jana.

Sheria ya chuo haina huruma. Wakinikataa mara hii, usajili wangu unakwisha pamoja na muhula. Kuzunguka kote kule na kinasa sauti, darasa hadi darasa, kutabaki kuwa hadithi ya bibi kwa wajukuu.

Nimepunguza slaidi moja. Baadaye nikairudisha. Mume wangu amechungulia, akauliza hizo picha zote ni za harusi ya nani.

Jumanne, 4 Juni

Nijieleze mwenyewe kwanza, maana anayeshindwa kujieleza hawezi kueleza wengine.

Mwalimu akiuliza swali, hungoja kwa muda gani kabla ya kulijibu yeye mwenyewe? Wengi wetu hatungoji hata pumzi moja. Kwa hiyo anayejibu ni yule yule mwepesi wa kunyoosha mkono. Lakini mwalimu akinyamaza — akanyamaza kweli, bila kugonga meza, bila “haya, haya, nani?” — watoto wa nyuma huanza kusema. Na majibu hurefuka.

Basi! Kumbe ndiyo tasnifu nzima. Sasa kwa nini slaidi zangu zinaanzia enzi za watoto kuandika kwenye vibao vya mawe?

Ila ile ya vibao ni nzuri. Ibaki.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi idarani. Msimamizi wangu nilimfundisha akiwa na kaptura. Leo ana mvi, na bado husimama nikiingia. Mhadhiri wa kike aliyeshika muda akainua kadi nyekundu nikiwa ndiyo kwanza nagusa mbinu za utafiti. Matokeo sikuyafikia. Nilimwomba dakika moja, nikaitumia kueleza kwa nini naiomba.

Msimamizi akasema, “Vizuri sana, Mwalimu.” Kila siku vizuri sana. Sura ya kwanza vizuri sana, ya pili vizuri sana. Nimetoka na hasira, sijui ni ya nani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefua mapazia. Yalikuwa masafi.

Jumamosi, 8 Juni

Wifi amekuja na gauni la Jumanne. Ni fundi cherehani, na hakuna gauni linalopita mikononi mwake bila kejeli. Nikaona nisipoteze muda: yeye abane pindo, mimi niwasilishe.

“Wifi, simama wima. Ukipunga huo mkono tena nitakudunga.”

Nikafika kwenye sauti niliyoirekodi, ile ninayoipenda kuliko zote. Mwalimu kijana anauliza: nguo zikianikwa, maji yake huenda wapi? Kisha kimya. Kimya kirefu. Mwishoni msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, anajibu.

Wifi akatoa pini mdomoni. “Huyo mtoto kasemaje?”

“Hukusikia?”

“Ningesikia wapi? Ulikuwa unanieleza jinsi kulivyo kimya.”

Nikarudia sauti. Nikaongea juu yake tena! Ulimi ulitangulia, mimi nikafuata.

“Mganga hajigangi,” akasema mume wangu kutoka kwenye kochi.

“Kaka, umevumilia mengi.”

“Mimi? Katika ndoa hii nimejibu swali moja tu, na aliyeuliza alikuwa mfungisha ndoa.”

Wamecheka mpaka wifi akakosa pumzi. Nami nikacheka. Lakini walipotulia, mimi sikutulia.

Jumapili, 9 Juni

Nimempigia simu msimamizi. Nikamwambia leo mwanafunzi ni mimi, anisahihishe bila adabu.

Akanyamaza. Nilitaka kumsaidia. Niliuma mdomo — kweli, niliuuma.

Ndipo akasema: “Mwalimu, darasani kwako tulijua kila swali utalijibu mwenyewe. Tulikuwa tunasubiri tu.” Halafu akaomba radhi mara nyingi, kana kwamba amenivunjia vyombo. Akaongeza harakaharaka kuwa mtahini wa nje ni mtu mwenye haraka, hapendi kufundishwa. Nianze na matokeo. Yule msichana awe wa kwanza.

Nimezifuta zile slaidi. Vibao vya mawe, historia, majedwali, picha ya shule. Ni kama kugawa nguo za watoto waliokwisha kukua: unajua hazivaliki tena, na bado mkono unazishikilia.

Jumatatu, 10 Juni

Mume wangu alishika muda, mwiko ndiyo kadi nyekundu. Nimemaliza kabla haujainuliwa! Nafasi ikabaki. Mara moja nikatamani kurudisha jedwali moja, dogo tu.

Ameikalia kompyuta. Anasema hainuki mpaka chakula cha jioni.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwenye benchi la korido. Wamenitoa nje ili wajadiliane. Mlango ni wa mbao nyembamba. Nasikia sauti, sisikii maneno.

Niandike nisije nikasahau. Projekta iliwaka bila matatizo. Nilisema sentensi mbili, nikaifungulia ile sauti. Swali la maji. Kisha kimya — nami kimya! Mtahini wa nje akakohoa. Mwenyekiti wa jopo akanyoosha mkono kugusa spika, akidhani imekufa. Wifi alisahau pini kwenye mshono wa mfuko. Niliishika nikaibana vidoleni ili ulimi upate mwenzake wa kuhangaika. Ndipo yule mtoto: “Yanapanda, lakini kidogo kidogo, ndiyo maana hatuyaoni.”

Mwenyekiti akaurudisha mkono wake taratibu. Msimamizi alikuwa anaangalia viatu vyake, anatabasamu.

Nikamaliza mapema. Kadi nyekundu ilibaki mezani.

Kisha maswali. Mtahini wa nje akauliza: nimejuaje kuwa ni ukimya uliomfungua msichana, si ugeni wa kinasa sauti? Swali zuri. Jibu langu lilikuwa kwenye jedwali nililolifuta! Nikafikiri kwanza. Nikajibu kuwa kinasa kilikaa darasani humo wiki nyingi, mpaka watoto wakakizoea kama kabati. Na kwa walimu wasiongoja, msichana huyo huyo, mbele ya kinasa hicho hicho, hakusema neno.

“Na nikikwambia hiyo haitoshi?”

“Kwa msichana mmoja, haitoshi,” nikasema. Nikaishia hapo.

Wote wakaningoja niendelee. Sikuendelea. Wakanitoa nje.

Sasa hapa kwenye benchi ndipo ninapokumbuka: sura ya nne! Madarasa yote yamo, watoto wote, mmoja mmoja. Kwa nini sikuitaja? Labda hajafika sura ya nne. Watahini nao ni watu. Robo saa ya kwanza nilijua kunyamaza, na hapa palipohitaji maneno matatu tu, nikanyamaza pia! Hiyo ni busara au ni ujinga? Darasani ningejua. Hapa sijui.

Nimeinuka. Sentensi moja tu, nikasema moyoni, sura ya nne, basi. Nikafika mlangoni, ngumi juu tayari kugonga. Ndani mtahini wa nje alikuwa anauliza kitu. Sauti ya swali huwa inapanda mwishoni, haifichiki. Nikangoja jibu. Hakuna aliyejibu. Hata karatasi haikufunuliwa.

Kimya kile nakijua. Nimekisikiliza miaka yote hii kwa vipokea sauti masikioni. Ila sijawahi kukisikiliza nikiwa mimi ndiye jibu.

Nimeushusha mkono. Nimerudi kwenye benchi. Bado kimya.

Kuna mtu anafikiri mle ndani. Asikatizwe —