Kura ya Mwisho ya Papa

Ixelles, Brussels
Jumapili, tarehe 15 Desemba 2019

Tantine Euphrasie mpendwa,

Kabla ya kushika kalamu nimefunga mlango wa chumba changu, na nimejiapia kwamba sitaiweka chini mpaka nimekueleza kila kitu. Lakini kwanza salamu. U hali gani huko Uingereza? Goti lako limepoa baada ya wiki zile zote za kupanda ngazi za watu na kubisha milango kwenye mvua? Papa alitusimulia kwamba mbwa mmoja alizitafuna karatasi zako za kampeni, nawe ukamwambia mwenye mbwa kwamba angalau kuna mmoja nyumbani mle aliyezipokea kwa hamu. Maman alicheka hadi akatafuta kiti.

Sisi hapa miili ni mizima. Saluni ya Maman imejaa wateja kwa sababu ya Noeli, na vidole vyake vimevimba kwa kusuka. Père Guido, yule padri mzee aliyeishi Katanga miaka thelathini, bado anatufundisha Kiswahili parokiani kila Jumamosi, na bado ananikata alama kwa kila neno la Kifaransa. Papa husema ninaandika kama redio. Kesho naanza mitihani ya Desemba, na wa kwanza ni wa historia.

Tantine, habari yangu inamhusu Papa, kaka yako. Si mgonjwa. Anakwenda kazini, anarudi, anakula kidogo, anaketi dirishani bila kuvua koti. Maman alimwuliza jana kama anasubiri basi.

Unajua jinsi alivyoungoja uchaguzi huu wa Uingereza. Sheria ya huko humruhusu raia aliyehamia nje kupiga kura kwa miaka kumi na mitano tu, nasi tulihama kutoka mjini kwenu kuja hapa mwaka 2005, mimi nikiwa na miaka miwili. Muda wa Papa unaisha mwakani. Kwa hiyo tangu Oktoba alikuwa akimwambia kila mtu hapa mtaani Matonge, hata wale wasiouliza, kwamba hii ndiyo kura yake ya mwisho, na kwamba ataipeleka kwa Leba, chama cha wafanyakazi, kama zote zilizotangulia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba huongea hivyo kuhusu kura. Baadaye nilielewa. Wewe ulikuwa bado mtoto, lakini yeye anakikumbuka kituo cha kura cha Lubumbashi enzi ya Zaire: kadi ya kijani ya ndiyo, kadi nyekundu ya hapana, na askari ameketi kando ya sanduku akitazama mikono ya watu. Papa alichukua nyekundu. Juma lililofuata alifukuzwa kazi kwenye reli, na kila alikokwenda kuomba kazi nyingine alikuta jina lake limeshafika kabla yake. Amenisimulia haya mara nyingi, na huyamaliza kwa namna moja kila mara, kwamba kura yenye jina la mtu si kura, ni mashtaka.

Halafu hunisimulia kura yake ya kwanza huko kwenu, ndani ya ukumbi wa shule. Bibi mmoja Mwingereza alimwonyesha penseli iliyofungwa kwa kamba, kisha akamgeuzia mgongo ili asimwone akiandika. Papa husema hakuwa raia siku alipopewa pasipoti, alikuwa raia dakika ile alipogeuziwa mgongo.

Bahasha yake ya posta ilifika hapa Jumanne, tarehe 3, siku tisa tu kabla ya uchaguzi. Papa alirudi kutoka Jette, kwenye hospitali kubwa anakosukuma vitanda vya wagonjwa, akaoga, akavaa suti yake ya ndoa na tai. Maman akauliza nani amekufa. Papa akasema hakuna aliyekufa, anakwenda kupiga kura. Akatutoa sote jikoni, akazima redio, akavuta pazia, akafunga mlango. Maman akagonga akisema maharagwe yake yako motoni. Nayaandika maneno ya Papa kama alivyoyasema, na Père Guido anisamehe: “Bon, Alphonsine, mu bureau de vote hakuna maharagi!” Jiko letu lilikuwa limegeuka kituo chake cha kupigia kura. Jioni ile tulikula maharagwe yaliyoungua, na hakuna aliyenung'unika.

Asubuhi yake alinikabidhi bahasha kubwa kwa mikono miwili. Alisema gundi yake imekauka, kwa hiyo niifunge kwa gundi yangu ya shule, kisha niipeleke posta mwenyewe, kwa kuwa siku ya Jumatano tunatoka shuleni mchana. Niliifunga, nikaipeleka, na jioni nikamwambia imekwenda. Aliniwekea mkono kichwani.

Jumamosi yake, saluni kwa Maman, Tonton Jean-Marie, rafiki yake Papa, alimtania mbele ya wanawake wote waliokuwa wakisukwa. Alimwambia, “Vieux Donatien, ulikimbia mvua ya Waingereza ukaja kwenye mvua ya Wabelgiji, na bado unaipigia kura ile ya kwanza!” Papa akajibu kwamba yeye hapigii kura mvua, anapigia hospitali, kwa sababu anajua kitanda kina uzito gani pale wasukumaji wanne wanapopunguzwa kuwa wawili. Wanawake wakampigia makofi. Tantine, sijamwona akiwa na furaha kama siku ile.

Kisha Ijumaa. Redio ilitangaza kabla kahawa haijachemka. Leba imeanguka vibaya kuliko ilivyowahi kuanguka kwa miaka mingi, na majimbo ya kaskazini, yaliyokuwa yake tangu zamani, yamekwenda upande wa pili. Jimbo lenu limo. Papa alikuwa amevaa kiatu kimoja. Alibaki hivyo, kingine mkononi, mpaka habari zikaisha na muziki ukaanza. Nilitaka akasirike. Alisema kwa sauti ya chini tu kwamba watu wenye mikono kama yake ndio waliofanya hivi, na kwamba hawezi hata kuwachukia, kwa sababu aliwasukuma kwenye vitanda alipofanya kazi huko kwenu na anajua walivyochoka. Akasema sasa Uingereza itatoka Ulaya kweli, naye atakuwa mgeni tena, mara ya tatu. Zaire alikuwa raia asiye na kura. Mwakani atakuwa na pasipoti ya Waingereza, na kura hana tena.

Maman alimwambia, basi, achukue uraia wa Ubelgiji kama wenzake. Akajibu kwamba amechoka kujifunza nyimbo za taifa. Jioni aliitia suti ya ndoa kwenye mfuko wa plastiki, akaupandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Nilimshikia ngazi.

Ndipo ulipopiga simu, nayo ilikuwa mezani kwa sauti ya juu, kwa hiyo sote tulikusikia ukilia. Ulisema watu waliokukaribisha chai mlangoni hawakukutazama machoni siku ya kura. Halafu ukapenga kamasi, ukasema, “Lakini tulikuwa wawili, Donatien. Ba Kazadi wawili. Ile habawezi kutufuta.” Papa akatabasamu, mara ya kwanza siku ile, na akasema neno ambalo tangu hapo linanizunguka kichwani hata nikisali: “Bashinde, bashindwe, yangu iko mule ndani. Bale benye kuhesabu balinikuta mule.”

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nifunge mlango.

Jumatano ile pale posta ya Porte de Namur nilitoa gundi, nikaifungua bahasha kubwa ili niinyooshe kingo zake. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo iliyofungwa, yenye kura. Kando yake palikuwa na karatasi nyingine iliyo wazi. Juu yake niliona jina kamili la Papa, tarehe yake ya kuzaliwa na sahihi yake. Mwezi wa tano, kabla ya uchaguzi wa hapa, Madame Marleen, mwalimu wetu, alitufundisha kwamba kura yoyote yenye jina au alama ya kumtambulisha mpigaji inatupwa. Katika jaribio nilipata alama zote. Na nilikuwa na maneno ya Papa mwenyewe. Nikajiambia kwamba alikuwa amechoka, amekosea, ametia karatasi iliyopaswa kubaki nyumbani, na sasa jina lake litatangulia tena mbele ya watu asiowajua. Sikumpigia simu, kwa kuwa akiwa na wagonjwa simu yake hukaa kabatini. Niliitoa ile karatasi, nikaificha ndani ya daftari langu la historia, nikapaka gundi vizuri, nikampa karani. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyemwokoa baba yake. Nilikusudia kumwambia siku ya Noeli, kama zawadi.

Jana nimelifungua daftari kujiandaa na mtihani, nikaikuta. Nikaisoma polepole, maana Kiingereza changu ni cha darasani, neno kwa neno na kamusi pembeni. Imeandikwa wazi kwamba lazima irudishwe pamoja na bahasha ndogo, na isiporudishwa, kura haitahesabiwa. Nimeelewa sasa kwamba ndiyo inayothibitisha nani ametuma, na kwamba hutengwa na kura kabla ya kura kufunguliwa, ili siri ibaki siri. Huko nako wanageuza mgongo, ila kwa namna yao. Papa hakukosea hata nukta moja. Ni mimi, niliyefundishwa vizuri, ninayepata alama zote.

Nimejiambia kwamba mgombea wenu ameshindwa kwa maelfu na kura moja isingemwokoa. Haikunisaidia. Papa naye alijua kwamba ni moja tu, na bado alivaa tai.

Karatasi iko hapa mbele yangu. Sahihi yake ameiandika taratibu, kila herufi peke yake, kama mtoto anayetaka mwalimu asikosee kuisoma. Nimefikiri kuichana. Nimefikiri kuituma sasa, ingawa najua hakuna tena wa kuipokea. Mara mbili leo nimesimama nyuma ya kiti chake pale dirishani, nikarudi. Aligeuka akaniuliza kama nimesoma vya kutosha kwa kesho. Nikamjibu ndiyo.

Sitaki barua hii ikuachie giza tupu. Nitafikisha miaka kumi na minane, Tantine, na ninatumaini kwamba Papa atakubali wimbo mmoja zaidi wa taifa, tusimame foleni moja hapa Ixelles, yeye na suti yake. Nitaipanda ngazi mimi mwenyewe kuishusha. Lakini siwezi kusimama kando yake siku hiyo na karatasi hii ikiwa bado ndani ya daftari.

Maman anakusalimia na anasema upake goti mafuta aliyokutumia, usiyaweke tu bafuni. Père Guido anakuombea. Wasalimie wenzako wote wa chama, hasa wale waliotembea nawe mvuani. Waambie kuna msichana Brussels aliyewahesabu.

Tafadhali nijibu kwa barua, si kwa simu, maana simu yetu iko mezani na kila mtu huisikia. Na nijibu mapema, kabla ya Noeli. Wewe unamjua tangu Lubumbashi, tangu kadi nyekundu. Neno lile “wawili” ndilo lililompa tabasamu, na ulilisema wewe. Je, Tantine, nimwambie Papa kwamba siku ile, huko kwenu, ulikuwa peke yako?

Mtoto wako,
Tatiana Kazadi