Taa ya Pasati Imezimika

Jumamosi, 6 Oktoba 2018

Imefika! Mjomba Kęstas ameileta kutoka Ujerumani juu ya trela. Ni gari, Pasati ya kijivu, ya familia, yenye mgongo mrefu. Nyuma ni kama mpya. Mbele haina uso. Boneti imejikunja kama karatasi, rejeta imebanwa hadi kwenye injini, taa moja inaning'inia kwa waya. Ndani mifuko ya hewa imelipuka, mmoja kutoka kwenye usukani, mwingine umepasua dashibodi upande wa abiria. Imelala pale kama foronya chafu.

Nikamwuliza mjomba kama waliokuwamo walipona. Akasema walishuka wakaenda zao kunywa kahawa. "Ndiyo kazi ya mifuko, mpwa wangu."

Baba aliizunguka bila kusema neno, akiigongagonga kwa kidole. Mjomba akamwambia: "Shemeji, acha kuitazama kama daktari. Itazame kama mchumba." Mama akapaza sauti kutoka dirishani kwamba amesikia.

Na jambo kubwa — Baba amesema safari hii nitafanya kazi naye. Si kushika tochi. Kazi!

Jumapili, 14 Oktoba

Mikono inauma hata kalamu naiona nzito. Jana tulinyoosha chesisi, mifupa ya gari. Tuliifunga Pasati kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege iliyobaki kwenye ghala la zamani la ushirika, nyuma ya nyumba, halafu Baba akawa anavuta kwa winchi, polepole, anasimama, anapima kwa utepe, anavuta tena. Chuma kililia. Baba alisema chuma kina kumbukumbu, ukikibembeleza kinakumbuka kilivyokuwa. Nilitamani ningeiandika sentensi hiyo mimi.

Leo nimepiga msasa fenda ya kulia, bati la juu ya gurudumu. Puti, ile lipu ya kusawazisha bati, imeingia kama vumbi kwenye nywele, puani, kwenye kurasa za kitabu nilichoacha juu ya benchi. Mjomba ananiita Profesa. "Profesa, chuo kikuu kimekufunza kushika msasa upande gani?" Niko sekondari tu, lakini ukimjibu anaongeza. Nilicheka tu.

Shuleni hakuna anayeniuliza wikendi nilifanya nini. Ni mwalimu Elvyra pekee, wa maktaba. Aliona kucha zangu. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza nikaongea hadi kengele ikalia! Gari lake limekufa kabisa, injini. Anahitaji jingine kabla ya Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, ampeleke mama yake makaburini. Mama huyo, bibi Stanislava, ana miaka tisini na anaishi naye. Mwalimu alisema bibi hakubali kukaa kiti cha nyuma, anataka aione barabara. Akaniuliza kama Pasati itauzwa. Nikasema nitamwuliza Baba.

Leo nilipomwambia, Baba alifurahi mno. Alinibusu kwenye paji la uso, na puti yote ile.

Jumatano, 17 Oktoba

Leo Baba aliniuliza jambo la fizikia. Baba — mimi!

Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu ya mtu aliyekaa na mpira mbele yake. Ni ya mifuko ya hewa. Haizimiki. Baba alisema kompyuta ya gari hupeleka umeme kidogo hadi kwenye mfuko na kusikiliza ukinzani wake, na waya zikiwa na kasoro taa inawaka. Anataka kujaribu kama waya ni nzima kabla mifuko mipya haijaja. "Tukiweka kikinza kidogo mahali pa mfuko, kompyuta itadhani mfuko upo, sivyo?" Nikasema ndiyo, ilimradi ukinzani ulingane. Nilikuwa na vikinza kwenye boksi langu la fizikia, vile vidude vyenye mistari ya rangi kama viwavi. Nikapima, nikachagua, nikalehemu mwenyewe. Upande wa abiria lehemu ilimwagika kidogo, ikaganda na mkia kama konokono. Baba akasema ni nzuri hivyo hivyo.

Akawasha. Taa ikawaka kidogo, kisha ikazimika.

IMEZIMIKA! Baba akapiga makofi, na mjomba akavua kofia akainama mbele yangu. Sijawahi kujisikia hivi. Vitabu vyangu vimefaa kitu katika nyumba hii.

Jumanne, 23 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Pasati imepigwa rangi Jumapili. Inang'aa. Usukani una kifuniko kipya na dashibodi imevishwa ngozi mpya, hujui kama iliwahi kupasuka. Leo niliporudi shule nikamwuliza mjomba Kęstas mifuko ilikuja lini, mbona sikuiona ikifungwa. Alikuwa anakula mkate na mafuta ya nguruwe, amekaa juu ya tairi. Akacheka.

"Mifuko gani, Profesa? Si uliiweka wewe? Miwili, midogo, yenye mistari."

Nilidhani ni utani wake. Nikacheka naye, nimecheka kweli! Kisha nikaona hanitazami tena, anatazama mkate.

Nikaenda kubonyeza kifuniko cha usukani. Ndani kuna sifongo. Ya godoro.

Baba hakuwepo. Sikula.

Jumatano, 24 Oktoba

Nilimsubiri Baba gereji. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja ili nisisahau, lakini jasho liliyafuta.

Nikamwambia, Baba, hakuna mifuko. Akasema najua. Hivyo tu, kama nimemwambia mvua inanyesha. Nikamwambia alisema ni majaribio. Akasema: yalikuwa majaribio, na yamefaulu. Kila gereji kutoka hapa hadi mjini Marijampolė hufanya hivyo, mifuko mipya inakula faida yote, na mwalimu ni mwendeshaji mwangalifu, hajawahi kugonga hata paka.

"Aliyekuwa na gari hili Ujerumani naye alikuwa mwangalifu," nikasema.

Nikasema taa inadanganya. Akasema taa haidanganyi mtu, imezimika tu. Ndipo nikalia, jambo ambalo nilijiapia nisifanye. Nikasema ulinitumia mimi. Uliniuliza swali la fizikia!

Baba akakaa chini, kwenye kigoda cha kutolea tairi. Alionekana mchovu. Akafuta mikono muda mrefu kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Akasema, "Basi, mwanangu. Nitaiagiza. Neno langu." Akanipa mkono kama tunauziana ng'ombe.

Nimeushika. Namwamini. Ni Baba.

Ijumaa, 26 Oktoba

Ameiweka mifuko!! Alifanya leo asubuhi nikiwa shule. Alinipigia simu wakati wa mapumziko kunijulisha, na Baba huwa hapigi simu, hutuma ujumbe wa neno moja.

Nilikimbia maktaba. Mwalimu Elvyra alikuwa anafunga, likizo inaanza. Nikamwambia: iko tayari, mwalimu, ni salama kabisa. Nilisema neno hilo, salama. Akanikumbatia, akanipa kipande cha keki ya tufaha kwenye karatasi. Akasema: "Wauzaji magari siwaamini hata kidogo, unisamehe, baba yako yumo. Lakini wewe nakujua. Nanunua kwa sababu yako."

Nilikula keki njiani, kwenye upepo.

Jumapili, 28 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Tumepewa saa nzima ya ziada. Nisingeitumia hivi.

Baada ya kanisa nilitaka tu kuiona. Mifuko mipya, hata kona yake tu. Nikalala chali sakafuni mwa Pasati upande wa abiria, tochi mdomoni, nikatazama juu chini ya dashibodi.

Konokono yupo.

Lehemu yangu. Mkia wake, utepe mweusi niliouzungusha mwenyewe. Niliijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Hakuna kilichoguswa.

Nililala pale mpaka mgongo ukapoa. Gari linanuka vizuri, rangi na ngozi mpya. Jumatano ile ya vikinza alinidanganya kwa sababu nilikuwa sijui. Sawa, nilikuwa mjinga. Lakini Ijumaa alinidanganya nikiwa najua, akipiga simu, kwa sauti ya furaha.

Chakula cha mchana kilikuwa sepelini, madonge ya viazi yenye nyama ndani, ninayoyapenda. Baba aliniwekea lililo kubwa zaidi, akamimina krimu juu. "Kula, Profesa." Hilo jina lilikuwa la mjomba. Baba hakuwahi kuniita hivyo.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

Alijua! Alijua tangu Pasati iliposhushwa. Akasema Baba anailisha nyumba hii kwa mikono yake, na mimi nisimwaibishe kijijini. Akasema nikikua nitaelewa. Nikamwuliza: Mama, mbona gari letu halijawahi kugongwa?

Maana ni kweli, halijawahi. Gari letu Baba alilinunua kwa mjane mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akiliendesha hadi kanisani tu. Alilipima rangi kila mahali kwa chombo chake kinachoonyesha kama gari limewahi kupakwa upya, mlango kwa mlango. Huwasifia wageni: halina hata mkwaruzo, nampakia mwanangu humu. Miaka yote hii nilidhani ni maringo tu.

Mama akasema, "Usiongee na mimi hivyo, Miglė." Lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Mchana nikapanda baiskeli hadi kwa mwalimu Elvyra. Mlangoni kwake kuna maua ya makaburini kwenye ndoo, tayari. Nilimwona bibi Stanislava dirishani, anasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia. Mbwa akabweka. Bibi akainua kichwa, akanipungia mkono, hanijui, alipunga tu. Sikubonyeza kengele. Nikageuza baiskeli. Ningesema nini? Kwamba baba yangu ni mwongo? Neno hilo sijawahi kuliweka karibu na neno Baba hata kichwani. Limekataa kutoka.

Nilitukanana na nafsi yangu njia nzima.

Jumanne, 30 Oktoba

Sijasema na mtu. Baba amegonga mlango mara mbili. Mara ya pili alisema kupitia mlangoni kwamba majira ya baridi yanakuja, paa linavuja, na mimi nataka kusoma chuo kikuu Vilnius, hayo yote yanatoka wapi? Sikuwa nimejua kwamba na mimi nimo ndani ya bei.

Jumatano, 31 Oktoba

Wako chini sasa hivi. Naandika haraka.

Mwalimu Elvyra amekuja kwa teksi, pamoja na mama yake. Nawasikia jikoni, vijiko vya kahawa, kicheko cha mjomba Kęstas. Anasema: "Mama mwalimu, hili litakuzika wewe kabla hujalizika!" Mwalimu anacheka pia. Karatasi za mauzo ziko mezani, nilizipita asubuhi.

Bibi Stanislava hakuingia ndani. Nikichungulia namwona. Ameshaketi kwenye Pasati, mbele, upande wa abiria. Mlango uko wazi. Amepakata mkoba na maua. Anaishikashika ngozi ya dashibodi kwa kiganja, polepole, kama anampapasa ng'ombe.

Baba amepanda ngazi. Hakugonga, amefungua tu. Amevaa shati la kanisani. Akasema mwalimu hataki kutia sahihi mpaka anisikie mimi. Anasema nilimwahidi, na anataka nimwambie tena, mbele ya wote, ndipo atie.

Tulitazamana. Nilingoja aniambie cha kusema. Nadhani nilitaka aniambie, ili nimchukie kabisa na iwe rahisi. Lakini alishika fremu ya mlango, akatazama vitabu vyangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mweleze tu ulichofanya kwa mikono yako. Basi."

Akashuka.

Nimejiuliza kichwani mara kumi kama alijua alichosema. Pengine alimaanisha msasa, rangi, fenda. Pengine amechoka. Sijui. Baba huyu simjui tena kiasi cha kujua.

Mwalimu anaita kutoka chini ya ngazi: "Miglė! Mwanangu, unakuja? Mama ameshafunga mkanda huko nje, hatatoka tena!"

Wote wanacheka. Baba simsikii.

Nimejibu: nakuja. Sauti imetoka kubwa kuliko nilivyodhani ninayo, na tochi iko mkononi: nitamwonyesha konokono.