Nyumba ya Jini, Likoni

Dada Saumu, pokea shikamoo yangu kutoka Likoni.

Leo tulitembezwa kwa miguu, watalii saba, tuoneshwe mahali ilipopigwa filamu moja ya jini. Mbele ya nyumba ya makuti kiongozi wetu alitangaza, “Humu ndimo jini alimommeza bwana harusi!” Mwenye nyumba, Bi Mwanakombo, akachungulia mlangoni. “Wamdanganya nani, Bakari? Jini mwenyewe alikuwa na njaa, nikampa wali na mchuzi wa papa, akalamba sahani!”

Wenzangu walicheka, wakaendelea wawili wawili. Bibi akaniuliza, “Nawe mwanangu, umefuatana na nani?” Nikajibu niko peke yangu. “Basi ingia ule.”

Nikasema nimeshiba, ilhali sikuwa nimetia kitu kinywani. Tangu mume wangu afariki, hivyo ndivyo ninavyomjibu kila anikaribishaye. Pengine nilichelea kumsumbua. Pengine nilichelea kulia mbele ya sahani ya mtu. Sina hakika. Kesho, kabla ya kuvuka feri, nitakwenda kupiga hodi kwake.

Nawe dada, Mola akujaalie leo usile peke yako.

Nduguyo akupendaye,
Amina